Kimea cha Lukwangule

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za kimea kisicho na mizizi wala maua, kinachotengeneza kinamasi chake chenyewe na kukitunza kwa maelfu ya miaka. Kisha nitawaeleza jinsi watu wanavyokigundua milimani, mahali ambapo hakuna kitabu kilichowahi kuandika kwamba kipo. Habari hii ni ya kweli mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa yake iko kwetu.

Twende kwanza Morogoro. Mtu akisimama mjini akainua macho, anaiona Lupanga imejifunika mawingu. Hiyo ni ncha ya kaskazini ya safu ya Uluguru. Kusini zaidi, juu ya mashamba ya Mgeta yanakotoka kabichi na karoti zinazouzwa Dar es Salaam, kuna njia inayopanda kutoka kijiji cha Chenzema. Inaingia msituni, inapita chini ya miti mifupi iliyopindapinda, yenye matawi yaliyovikwa kijani kibichi kila upande, halafu ghafla miti inaisha. Mbele yako kuna uwanda wa nyasi, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huo ndio uwanda wa Lukwangule.

Kule ni baridi. Ukungu unaingia na kutoka bila kubisha hodi. Ukikanyaga palipoinuka unasimama vizuri; ukikanyaga bondeni mguu unadidimia, na maji yanapanda pembeni mwa kiatu. Hapo pa kudidimia ndipo petu. Piga magoti. Tenganisha nyasi kwa mikono miwili. Utaona vimea vya rangi ya kijani mpauko, vingine vya manjano, vingine vimeiva wekundu, vimebanana bega kwa bega mpaka huoni udongo.

Hivyo ni vigoga, ndugu wa vile vimea laini vinavyoota kwenye mawe ya mtoni, kwenye magogo na kwenye kuta za matangi yanayovuja. Ila hivi ni ukoo wa peke yake. Wanasayansi wameuita Sphagnum. Sisi tuuite sfagnamu. Duniani kote ukoo huu una spishi 300 hivi, na nyingi zinaishi nchi za baridi: Kanada, Urusi, Uskoti, nchi za Skandinavia. Kwetu zipo chache, na makao yao makubwa ni juu milimani, kwenye mvua na ukungu. Zipo Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenye vinamasi vya mita 3,400 na zaidi, ambako wapagazi wa Kikonjo hupita wakiruka kutoka shungi moja la nyasi hadi jingine, katikati ya lobelia zinazomzidi mtu mzima kimo. Zipo pia katika milima mingine ya kwetu, na sijui kama kuna mlima wenye unyevu katika eneo hili ambao mtu anaweza kuapa kwamba ameshaukagua wote.

Sasa chomoa kimea kimoja, taratibu kisikatike. Kiweke kiganjani.

Juu kabisa kuna kishada cha vijitawi vichanga vilivyosongamana. Mmea unakulia hapo. Chini ya kishada, vijitawi vinatoka kwenye shina kwa mafungu. Viwili au vitatu vinanyooka pembeni, na vingine vinaning'inia vimelikumbatia shina. Hivi vinavyoning'inia husaidia kupandisha maji, kwa kuwa mizizi haipo. Endelea kushuka kwa kidole. Kijani kinafifia, kinakuwa kahawia, na chini zaidi shina limekwisha kufa. Mmea huu unakua kwa juu huku unakufa kwa chini, na huwezi kuonyesha hasa mahali ambapo uhai umekomea.

Chota kiasi cha kujaza mkono, kisha kamua. Maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Gramu moja ya sfagnamu kavu inaweza kushika gramu 20 hivi za maji. Siri yake iko kwenye majani, ambayo ni madogo kiasi kwamba yanahitaji hadubini. Kila jani lina unene wa seli moja tu, na seli zenyewe ni za aina mbili. Kuna nyembamba za kijani, zilizo hai, zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Katikati yake kuna kubwa zilizokufa, zisizo na kitu ndani. Hizi zilizokufa ni mitungi ya kuwekea maji: zina matundu ubavuni maji yaingie, na ndani zina pete zinazoshikilia kuta zisibonyee wakati wa ukame. Sehemu kubwa ya mwili wa kimea hiki, basi, ni seli zilizokufa ambazo bado ziko kazini.

Kuna jambo jingine kinalofanya, na hili ndilo linalonistaajabisha zaidi. Kuta za seli zake hunasa madini machache yaliyomo majini, kama kalsiamu na magnesiamu, na badala yake hutoa haidrojeni inayoyafanya maji yawe na asidi. Bakteria na kuvu wanaoozesha vitu hawastawi katika maji ya namna hiyo, tena maji yaliyotuama na kukosa hewa. Kwa hiyo kinachokufa hakiozi sawasawa. Kinarundikana, kinagandamizwa na kinachoota juu yake, mwishowe kinakuwa mboji ya kinamasi: udongo mweusi uliojaa nyuzi, uliolowa mwaka mzima. Mboji hiyo huongezeka polepole mno, kwa kawaida milimita moja au pungufu kwa mwaka. Mkikuta mita moja ya mboji mlimani, mjue kwamba kazi ilianza miaka 1,000 nyuma, au zaidi.

Mnataka kujua jinsi mboji inavyotunza vitu? Mwaka 1950, huko Denmark, watu waliokuwa wakichimba mboji ya kukausha waitumie kama kuni walikuta maiti ya mwanamume. Uso ulikuwa mzima, hata ndevu fupi za kidevuni zilionekana. Wakadhani ameuawa juzijuzi, wakaita polisi. Kumbe mtu yule alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Si lazima iwe mwili wa mtu. Mboji hutunza pia chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Nchini Burundi kuna kinamasi kiitwacho Kashiru, mita 2,240 juu ya bahari. Mtafiti wa Kifaransa Raymonde Bonnefille na wenzake walichunguza chavua iliyolala humo tabaka baada ya tabaka, wakasoma habari za miaka 40,000: lini msitu ulisonga mbele, lini ulirudi nyuma ukaachia nyasi. Wakatambua kwamba wakati wa enzi ya barafu sehemu zile zilikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi joto 4 hivi. Kinamasi kikikaushwa na kulimwa, mboji inakutana na hewa, inaanza kuoza, na kumbukumbu hiyo inapotea pamoja nayo. Kaboni iliyokuwa imefungiwa humo nayo inarudi angani. Ardhi yenye mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini kaboni iliyomo inazidi ile iliyomo kwenye miti ya misitu yote ikijumlishwa.

Na tusisahau maji ya kunywa. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, una vyanzo vyake Uluguru. Miaka ya 1970 alikuwepo Morogoro mwalimu kutoka Hungaria, Tamás Pócs, bingwa wa vigoga. Alipima ni maji kiasi gani yanayonaswa na vimea vinavyoota juu ya miti katika msitu mfupi wa kilele cha Bondwa, juu ya mji. Akapata kwamba hekta moja ya msitu ule inaweza kunasa takriban lita 50,000 katika mvua moja. Hizo ni habari za vigoga vya mitini, si za sfagnamu ya kinamasini, lakini zinaonyesha kwamba ukoo huu mzima wa vitu vidogo, ambavyo wapitaji huvikanyaga bila kuvitazama, una mchango wake katika maji yanayofika bombani.

Haya, sasa tufike kwenye kugundua.

Mnaposikia watafiti wamegundua sfagnamu ambayo haikuwahi kurekodiwa katika milima fulani, msidhani kwamba kabla ya hapo haikuwepo. Ilikuwepo, pengine tangu kabla ya babu wa babu zenu kuzaliwa. Wala msidhani kwamba hakuna aliyewahi kuiona. Wachungaji, warina asali na wapagazi wameshaikanyaga mara nyingi, na wengine wanajua vizuri ni kinamasi kipi hakikauki hata kiangazi kikali. Kilichokosekana ni rekodi: kielelezo cha mmea kilichokaushwa, chenye jina sahihi, mahali, tarehe na mtu aliyekichukua, kikawekwa mahali ambapo yeyote anaweza kukikagua tena, kisha habari zake zikachapishwa.

Kongo inatupa mfano mkubwa kuliko wote. Mwaka 2017, Greta Dargie na Simon Lewis kutoka Uingereza, pamoja na Suspense Averti Ifo wa Brazzaville na wenzao, walichapisha habari kwamba katikati ya bonde la Mto Kongo, katika nchi zote mbili za Kongo, kuna mboji iliyoenea takriban kilomita za mraba 145,500. Hilo ni eneo kubwa kuliko Uingereza yenyewe bila Uskoti na Welisi. Limeshikilia kaboni tani bilioni 30 hivi. Mboji ile haikutokana na sfagnamu. Ni ya msitu wa bondeni, miti na miwale iliyosimama majini. Lakini fikirini: wenyeji wamevua samaki humo vizazi kwa vizazi, na bado ramani za dunia zilikuwa hazijaandika kwamba chini ya maji yale kuna mboji. Ikiwa kitu cha ukubwa ule kilikosa kuandikwa mpaka juzi, kimea cha urefu wa kidole je?

Rekodi mpya zenyewe ni za namna mbili, na mara nyingi watu wanazichanganya. Ya kwanza ni spishi mpya kwa sayansi, ambayo haijapewa jina popote duniani. Hiyo ni nadra. Ya pili ni spishi yenye jina tayari, inayojulikana mahali pengine, ila haijawahi kuandikwa katika nchi hii au katika safu hii ya milima. Hizi ni nyingi sana. Kuna jarida la wataalamu wa vigoga, Journal of Bryology, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa mfululizo wa makala za rekodi mpya za nchi na maeneo. Ndani yake kila spishi inapewa aya fupi: imepatikana wapi, lini, imeota juu ya nini, kielelezo kimewekwa hifadhi gani. Aya moja tu. Mtu asiyejua anaweza kuipita kwa sekunde chache, asijue kwamba mwenzake alitambaa kwenye tope baridi na kukaa siku nyingi mezani ili aiandike.

Kwa nini vimea hivi vinarukwa? Kwanza, njia ni ngumu, na wanaofika wengi wanafuata ndege, vyura na maua. Pili, wanaovijua ni wachache. Na tatu, hata anayevijua anaweza kudanganyika, kwa sababu kinamasi kimoja kinaweza kuwa na spishi mbili tatu zinazoishi hatua moja tu kutoka nyingine. Kuna zinazopenda kilele cha tuta, mbali kidogo na maji. Kuna za ubavuni. Kuna zinazoelea kwenye vidimbwi. Mtafiti mwenye haraka anachukua donge moja kutoka kwenye tuta lililo karibu na njia, anaandika sfagnamu, anaondoka. Spishi ya kidimbwini inabaki bila jina kwa miaka 50 mingine.

Mjuzi hafanyi hivyo. Anakwenda polepole. Anaanza juu ya tuta, anashuka mpaka majini, anachukua kiasi kidogo kila mahali, na kila kielelezo kinakaa peke yake. Hachanganyi. Anakikamua maji kwa mkono, anakiweka kwenye bahasha ya karatasi iliyokunjwa, kisha kinakauka kwa hewa tu. Hakigandamizwi kama majani ya mti, maana vijitawi vikilala vibaya umbo linapotea. Rangi anaiandika hapohapo, kwa kuwa kikikauka huenda isibaki ile ile. Anaandika urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, kimeota juani au kivulini, maji yako umbali gani. Kisha anaipa bahasha namba.

Ugunduzi hautokei pale mlimani. Mlimani mtu anaweza kusema tu, hiki kinanitia shaka. Jibu linapatikana mezani.

Tukae naye mezani. Analoweka kimea ndani ya maji, na kile kilichokuwa kimenyauka kinajikunjua palepale. Kwa koleo ndogo anachomoa jani la shina na jani la kijitawi, kwa sababu hayafanani na yote mawili yana habari. Majani ya sfagnamu ni maangavu mno, hadubini inayapita bila kuona matundu. Hivyo anayatia rangi. Rangi inayotumika sana mnaijua nyote: ni ile dawa ya zambarau, jivii, ambayo wengi wenu mlipakwa mdomoni mlipokuwa wachanga mkapata utando mweupe. Tone moja linatosha. Ghafla zile seli tupu zinaonekana zimepangana, na matundu yake yanajitokeza, mengine makubwa na mengine madogo, mengine yamejipanga kwenye ukingo wa seli.

Halafu inakuja kazi inayohitaji mkono usiotetemeka. Kwa wembe mpya anakata kijitawi vipande vyembamba vya kupita kati, ili alione jani kwa ubavu. Anatafuta zile seli za kijani na kuangalia zimekaaje katikati ya zile kubwa. Katika spishi nyingine zina umbo la pembetatu, na upande mpana unatazama ndani ya jani. Nyingine upande mpana unatazama nje. Nyingine zimefunikwa kabisa pande zote mbili na hazitokezi popote. Umbo hilo dogo, ambalo jicho tupu haliwezi kulifikia, ndilo linaloamua jamaa na jamaa. Kimea kinaweza kuwa chekundu juani na kijani kivulini kikawa spishi ile ile. Na vimea viwili vya kijani, vinavyofanana kama mapacha, vikawa spishi mbili. Rangi inadanganya. Seli ndizo za kuaminiwa zaidi, na siku hizi chembe za urithi zinaongezwa kama ushahidi wa pili.

Mara nyingi, baada ya shughuli yote hiyo, jibu linakuwa: hii ni spishi ile ile tuliyokwisha kuiandika. Bahasha inawekwa pembeni, inafunguliwa nyingine. Hapo ndipo anayependa kazi hii kweli anapojulikana.

Siku seli zikikataa kulingana na spishi yoyote iliyoandikwa katika milima ile, bado mtu hapigi vigelegele. Anaomba vielelezo vya nchi nyingine, anavilinganisha. Anaingia kwenye vitabu vya zamani, na huko kuna hadithi nyingine.

Vielelezo vya kwanza vya mimea ya milima yetu vilichukuliwa na wasafiri wa Ulaya wakati wa kugawana Afrika. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyepanda Rwenzori mwaka 1891 na kufika kwenye mita 4,000 hivi, alikuwa mmoja wao. Vitu vilivyochukuliwa vilikwenda Ulaya, na vigoga viliishia mikononi mwa watu waliobobea. Kwa sfagnamu bingwa alikuwa Carl Warnstorf, mwalimu wa shule katika mji wa Neuruppin, karibu na Berlin. Mwaka 1911 alitoa kitabu kinene kilichojaribu kueleza sfagnamu zote za dunia, zikiwemo za Afrika, nyingi akizijua kwa vielelezo vikavu alivyoletewa tu. Kisha, Machi 1943, mabomu ya vita yaliipiga hifadhi ya mimea ya Berlin, na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wake, pamoja na mimea mingi iliyotoka Tanganyika. Kwa spishi kadhaa kilichobaki ni jina na maelezo kitabuni, bila kielelezo cha kulinganisha. Ndiyo maana leo mtafiti makini anaweka sehemu ya kielelezo chake nyumbani, kwenye hifadhi za Arusha, Dar es Salaam, Makerere au Nairobi, na sehemu nyingine nchi ya mbali. Ya Nairobi yenyewe ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Najua kuna mmoja wenu anayetaka kuuliza: kimea kisicho na mizizi wala mbegu kilifikaje juu ya mlima uliozungukwa na nchi ya joto? Swali zuri. Sfagnamu huzaa vidonge vidogo vya mviringo, vya kahawia iliyokolea, kila kimoja na kifuniko chake. Ndani mmejaa spora, ambazo ni vumbi jepesi. Siku ya jua kali kidonge kinakauka, kinabanwa ubavuni mpaka kinakuwa chembamba, na hewa iliyomo ndani inakosa nafasi. Kifuniko kinaruka. Spora zinafyatuka juu sentimita 10 na zaidi, umbali mkubwa kwa kitu kidogo kiasi hicho. Mwaka 2010 Wamarekani wawili, Dwight Whitaker na Joan Edwards, walionyesha kwa kamera za kasi jinsi inavyowezekana: hewa inayotoka inajizungusha ikawa duara, na duara hilo linazibeba spora mpaka juu ya vimea jirani, ambako upepo unazipokea. Baada ya hapo ni bahati ya upepo. Spora nyingi hufia pasipofaa. Moja ikidondokea tope baridi la mlimani, inaweza kuanzisha ukoo.

Moja, ndiyo. Katika kisiwa cha Hawaii, kwenye milima ya Kohala, kuna sfagnamu ambayo watafiti walichunguza chembe zake za urithi wakaona kwamba vimea vyote vinaelekea kutokana na mzazi mmoja, aliyefika makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na tangu hapo vimekuwa vikiongezeka kwa kukatika na kuota upya.

Lakini kisa cha Hawaii kina upande wa pili, nao nauweka hapa makusudi. Miaka ya 1960 sfagnamu hiyo hiyo ilichukuliwa na mtu, ikapelekwa kisiwa kingine cha Oahu, ikapandwa kwenye kinamasi cha mlima Kaala, ambako haikuwepo. Ikasambaa. Ikaanza kufunika ardhi ambayo mimea ya asili ya pale huitegemea kwa kuchipua, na leo watu wa uhifadhi wanahangaika kuiondoa. Kwa hiyo mtu akikuta sfagnamu isiyo kwenye orodha, swali la kwanza ni hili: imekuwepo siku zote, au imeletwa na viatu? Iko kando ya njia ya wapandaji tu, au iko pia kwenye vinamasi visivyofikiwa na mtu? Ndiyo sababu watafiti husugua viatu vyao kwa brashi kabla ya kuhama mlima mmoja kwenda mwingine. Kipande kidogo kilichonasa kwenye soli kinaweza kuota.

Wanangu, kama mmoja wenu anataka kuifanya kazi hii, asianze kwa kupanda Lukwangule na mfuko. Tangu 2008 misitu ile ni hifadhi ya mazingira asilia, na Rwenzori ya Uganda ni hifadhi ya taifa tangu 1991. Kuchukua hata jani kunahitaji kibali. Anza na ukuta wa nyuma wa shule, mahali maji ya paa yanapodondokea. Tafuta lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Utakuta vigoga vya aina mbili au tatu mahali ulipodhani pana kijani kimoja tu. Vichore. Tazama jani lina ncha au halina, lina mshipa katikati au halina. Jicho likishazoea kutofautisha vya ukutani, siku ukifika mlimani na mwalimu mwenye kibali, hutapita kinamasi bila kupiga magoti.

Rekodi ikishachapishwa, kazi inahamia kwenye swali jingine. Spishi nyingi za sfagnamu zina vimea vya kiume mbali na vya kike mbali. Kama mlimani ipo jinsia moja tu, haitazaa spora hata moja. Itaendelea kuishi kwa kukatika na kuota, na ikifa kwa moto au kwa mfereji wa kukausha shamba, hakuna nyingine ya kuchukua nafasi yake karibu. Kama zipo zote mbili, vidonge vya kahawia vitaonekana. Kwa hiyo mtafiti anaomba kibali kingine, anangoja mvua zipungue, anarudi kinamasi kile kile na lenzi yake, akichambua kishada baada ya kishada kutafuta kidonge.